Mshale Ulioangalia Ndani

Itangazwe kwa wakazi wote wa Bagira, walio juu ya mlima na walio bondeni, wenye nyumba za matofali na wenye nyumba za mbao, ya kwamba familia ya Mwalimu Grégoire imetoa mhandisi. Ya kwamba sayansi imevuka barabara, ikashuka ngazi za udongo, ikaingia kwa mlango wa mbele. Na ya kwamba kuanzia leo mguu wa mtu hauchongwi tena, unachorwa.

Tangazo hilo alilitoa Mwalimu Grégoire mwenyewe, Jumamosi adhuhuri, akiwa amevaa kaptula ya kulalia, mguu mmoja sakafuni na kigutu cha mguu wa pili juu ya stuli, huku kuku akimzunguka chini kutafuta makombo. Waliomsikiliza walikuwa mke wake, Maman Adélaïde, aliyekuwa akichambua maharage bila kuinua kichwa, na binti zake wawili. Mkubwa, Bijou, alikuwa akikizunguka kigutu na simu yenye kioo kilichopasuka, akikipiga picha kila upande, polepole na kwa heshima, kama mtu anayepiga picha za askofu. Mdogo, Charlène, mwenye miaka kumi na sita, aliyekuwa amerudi likizo ya Pasaka kutoka bweni la masista, alisimama karibu na mlango na bulletin yake ya alama mkononi.

Alikuwa amepata asilimia sabini na nne. Katika shule ile, ambako masista hutoa alama kana kwamba wanazitoa kwenye mshahara wao, asilimia sabini na nne ni kitu cha kumfanya mzazi avae viatu na kwenda kuwaonyesha majirani. Charlène alisubiri picha ziishe. Zilipokwisha, Papa aliipokea karatasi, akaigeuza, akasaini upande usio na maandishi, kisha akamuuliza Bijou kama plastiki ya chini ya goti itakuwa nene kuliko ile ya pembeni.

"Papa, umesaini kwa nyuma," Charlène akasema.

"Iko karatasi moja tu, mama. Bataona."

Na akaendelea kuuliza habari za plastiki.

Ilieleweka kwa nini. Miezi minne ilikuwa imepita tangu pikipiki imgonge na hospitali imkate mguu chini ya goti. Kwa miezi hiyo minne, darasa lake la sita lilifundishwa na kijana aitwaye Mardochée, mwenye mashati ya kubana na sauti nzuri. Direktrisi wa shule alikuwa amekuja nyumbani na kilo mbili za sukari, akakaa, akasifu ukuta, akasema kwa upole kwamba baada ya Pasaka anahitaji mwalimu anayeweza kusimama mbele ya ubao. Jumatatu ya kufungua, Mwalimu Grégoire akija kwa miguu, darasa ni lake. Asipokuja, itabidi jina la Mardochée liandikwe. Alipoondoka, Papa alitazama ile sukari muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kuitia kwenye chai siku hiyo.

Kwa hiyo matumaini ya nyumba yote yalikuwa kwa Bijou. Bijou alikuwa akifanya kazi katika karakana moja ya viungo bandia kule Muhumba, chini ya fundi mkuu aitwaye Tonton Théodore, mzee aliyetengeneza miguu kwa plasta tangu Bijou hajazaliwa. Lakini karakana ilikuwa imepata kompyuta na mashine ya kuchapa plastiki, na Tonton Théodore alikuwa ameziangalia kama mtu anavyoangalia mgeni asiyekula bugali. Bijou ndiye aliyejifunza. Mguu wa baba yake ungekuwa wa kwanza kutengenezwa wote kwa kompyuta, na Tonton Théodore alikuwa amesema hadharani kwamba atauangalia kwa macho yake mwenyewe kabla ya kuukubali.

Tangu hapo Bijou akawa mtoto wa pekee mwenye dada. Akaletewa maji ya moto ya kuoga. Paja la kuku lililokuwa la Papa likahamia sahani yake. Kitanda cha karibu na dirisha, ambacho Charlène alikilalia kila likizo, sasa kilikuwa meza ya kompyuta ya karakana, na kompyuta ilifunikwa kwa kitenge kipya cha Maman wakati Charlène alijifunika shuka lililotoboka. Na hata jirani wa kwanza aliyepita ugani aliita, "Mama Bijou, munaamuka?" kama walivyoita miaka yote, kwa kuwa mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Zamani Charlène hakuisikia. Likizo hii aliihesabu. Siku moja ilifika mara thelathini na moja, na "Mama Charlène" ilifika sifuri.

Alasiri hiyo hiyo ya Jumamosi, Bijou akamwita dada yake aone.

Kwenye kioo cha kompyuta zile picha zilikuwa zimeungana kuwa kigutu cha Papa, rangi ya kijivu, kikielea hewani bila Papa. Kila kitu kilikuwapo: kovu, shimo dogo chini ya goti, mahali ambapo mfupa wa pembeni huinua ngozi kama kidole ndani ya soksi.

"Hii iko ngozi tu," Bijou akaeleza. "Haina unene. Na kitu yenye haina unene, huwezi kuivaa. Sasa mi njo ninaipatia."

Akaonyesha kazi ilivyo. Mguu wa mtu si bomba. Una mabonde na vilima kuliko Bagira. Ukiiamuru kompyuta iupe ngozi hiyo unene mmoja kote, inakataa, kwa sababu penye kona kali plastiki inajikunja na kujila yenyewe, kama kola iliyopigwa pasi vibaya. Hivyo Bijou aliweka nukta moja moja. Chini ya goti, mahali ambapo uzito wote wa Papa ungekaa, milimita sita. Karibu na ule mfupa wa pembeni, ambao haupendi kuguswa, milimita tatu, ili plastiki ipinde kidogo. Kutoka nukta hadi nukta unene ulipanda na kushuka taratibu. Kisha kompyuta ikachora ngozi ya pili nje ya ile ya kwanza, na Bijou akaziba nafasi iliyo katikati. Ndipo kikawa kitu: kikombe cha kuingiza kigutu. Ndani aliacha nafasi ya sponji, ili Papa asiguse plastiki tupu.

"Na huu mushale?" Charlène akauliza. Pembeni mwa kile kikombe palikuwa na mshale mdogo mwekundu.

"Huu unaonyesha unene inaenda wapi. Mushale ukiangalia inje, plastiki inaenda inje, hakuna shida. Mushale ukiangalia ndani, plastiki inakula nafasi ya muguu." Bijou akacheka. "Cha kuchekesha, kwa macho huwezi kutofautisha haraka. Hata ile ya ndani inakuwa muzuri zaidi, ju inje inafanana na muguu kabisa."

Ni lazima kukiri kwamba Bijou hakujivuna. Alieleza kwa furaha, kama mtu anayegawa maandazi. Lakini mwenye wivu akipewa andazi huangalia ukubwa wa lililobaki kwenye sahani. Charlène alimwona Papa akitabasamu usingizini katika kiti chake, na akajua tabasamu lile lilikuwa la nani.

Maman akaita kutoka nje: maji yamerudi bombani, mabidoni ya kujaza ni manne, Bijou aje asaidie. Bijou akaondoka. Kompyuta ikabaki wazi juu ya kitanda cha karibu na dirisha.

Historia ya Charlène katika mambo ya mizaha ilijulikana. Huko bweni aliwahi kusogeza saa ya sista mkuu mbele kwa dakika arobaini, na wasichana mia mbili wakasali sala ya asubuhi gizani. Aliwahi kutia chumvi kwenye sukari ya padri mgeni. Kwa hiyo isishangaze mtu kwamba alikaa mbele ya kompyuta. Alitaka kuona tu. Akasogeza kipanya, na kidole kikateleza, mara moja, juu ya ule mshale mwekundu. Mshale ukageuka. Bijou angerudi, angeona, angepiga kelele, wangecheka. Mzaha wa dakika tano, hakuna zaidi.

Bijou alirudi akihema, nguo zimelowa. Simu ikalia: mwenzake wa karakana akamwambia kwamba umeme upo Muhumba, mashine iko huru, atume mchoro sasa au asubiri wiki. Bijou akautuma.

Mashine ilichapa siku tatu, ikisimama kila umeme ulipokatika na kuendelea uliporudi. Tonton Théodore hakuwapo. Alikuwa amepanda kwenda Luhwindja kupima wachimbaji wawili wa dhahabu walioangukiwa na mawe, na angerudi Jumanne. Sheria yake katika karakana ilikuwa moja: kikombe kipya hakitoki nje ya mlango kabla mwenye mguu hajatembea nacho juma zima kati ya vyuma viwili vya kushikilia, Tonton akimwangalia. Lakini Jumatatu ilikuwa Jumatatu. Ijumaa jioni Bijou alikifunga kikombe kwenye bomba lake na wayo wake, akakizungushia kitenge kama mtoto mchanga, akapanda nacho teksi hadi Bagira.

Papa alivaa suruali safi kwa ajili ya tukio hilo. Sponji ilikataa kuingia. Bijou alijaribu tena, akageuza, akapaka poda. Ikakataa.

"Kigutu imevimba," akasema, na uso wake ukabadilika. "Papa, tumungojee Tonton Théodore."

"Nimekaa miezi ine, lazima ivimbe. Toa hiyo sponji. Tia soksi."

Kwa soksi kiliingia. Papa alishika ukuta, akasimama. Kwa muda mfupi alikaza midomo kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Charlène, aliyekuwa mbele yake, aliuona mdomo ule vizuri, na neno likamfika kooni. Ni neno fupi. Lingetosha kusema "mshale".

Ndipo Papa akapiga hatua, akapiga ya pili, akamshika Bijou kichwani kwa mkono wake mpana wa chaki.

"Bijou," akasema, "wewe njo muguu yangu."

Maman alilia kwenye pindo la kitenge. Jirani aliyekuwa dirishani akapiga vigelegele na kutangaza kwamba Mama Bijou amebarikiwa. Charlène akalimeza neno lake, likashuka bila taabu yoyote.

Jumatatu alfajiri walipanda. Kutoka nyumbani hadi barabarani ni ngazi sitini na mbili za udongo, na Papa alizipanda zote, koti likiwa limefungwa vifungo vitatu, Charlène nyuma yake akibeba mkoba na mkongojo mmoja. Bweni la masista lingefunguliwa Jumatano tu, ndiyo maana alipewa kazi hiyo. Bijou alikuwa kazini. Katika ngazi ya arobaini Papa alisimama na kuuliza hali ya masomo yake, jambo ambalo hakuwahi kuuliza likizo nzima. Charlène akaanza kujibu kwa kirefu, kisha akaona jasho likidondoka kutoka kidevuni, akaelewa kwamba Papa hakuwa akitaka jibu bali mapumziko.

"Inauma, Papa?"

"Haiumi. Iko mupya tu."

Shuleni watoto walipiga makofi. Mardochée alikuwa amefuta ubao vizuri na kuweka kipande kipya cha chaki mahali pake. Alimpa Mwalimu mkono kwa mikono miwili, akasema kwamba darasa lilikuwa likimngoja. Direktrisi alikaa kwenye benchi la nyuma. Mwalimu Grégoire aliandika tarehe. Akaandika kichwa cha somo. Akafundisha sehemu na desimali kwa saa nzima, akiwa amesimama, kwa sauti ileile iliyowahi kuwaamsha watoto wa darasa la jirani. Charlène aliangalia kutoka dirishani. Aliona jinsi herufi ubaoni zilivyoanza kushuka upande wa kulia, mstari baada ya mstari, kama maji yanayotafuta mtaro.

Kabla ya kengele Papa aliegemea meza. Kisha akaikalia. Kisha soksi nyeupe iliyochungulia juu ya kiatu ikawa si nyeupe, na mtoto wa kike wa benchi la mbele akasema kwa sauti ndogo, "Monsieur, uko natoka damu."

Direktrisi hakusema neno baya, na ingekuwa afadhali angesema. Alimsifu kwa moyo wake. Alisema apumzike, apone vizuri, na kuhusu darasa wataangalia mwaka ujao. Direktrisi, Papa na Mardochée walijua mwaka ujao maana yake ni nini. Mkongojo mmoja haukutosha. Mardochée, pamoja na shati lake la kubana, aliinama, akampandisha Mwalimu Grégoire mgongoni, akambeba kupita uani mbele ya shule nzima iliyokuwa imetoka kwa mapumziko. Hakuna aliyecheka. Papa alifumba macho.

Jumanne asubuhi, kule karakana, Tonton Théodore, na vumbi la Luhwindja bado kwenye viatu, alisafisha kwanza kidonda cha Papa. Majuma sita, akasema, bila kuvaa chochote. Kisha akachukua kikombe, akakishika kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole gumba nje, halafu ndani. Alikuwa amepapasa vigutu miaka thelathini.

"Muguu yake iko huku inje," akasema. "Unene yote umeitia ndani. Umemupimia vizuri, mutoto, kisha umemunyanganya nafasi."

Bijou aliangalia, akaona. Hakujitetea kwa umeme, wala kwa haraka. Tonton Théodore hakupiga kelele. Alisema tu kwamba kikombe kilitoka nje ya mlango bila yeye, na kwamba tangu leo Bijou arudi kwenye meza ya plasta, kompyuta ifunikwe. Ila kwanza aende nayo nyumbani mara ya mwisho, akatoe faili zake.

Hivyo Charlène alipata alichotaka. Alasiri hiyo Bijou aliingia bila kusalimia, na hakuna aliyemwekea maji ya moto. Jirani aliyepiga vigelegele Ijumaa alikuja kuuliza, kwa huruma nyingi, kama kweli kompyuta ndiyo iliyomla Mwalimu nyama. Maman alijibu kwa ukali, kisha akamgeukia Bijou kwa ukali zaidi: si aliambiwa asubiri? Aliharakia sifa? Charlène alisikiliza kutoka pembeni, akingojea utamu. Ulikuja, lakini ulikaa muda mfupi kuliko pipi.

Kwa sababu Papa alisema, "Mumuache. Ilinibana tangu vendredi. Ni mi nilinyamaza."

"Juu ya nini, Papa?" Bijou akauliza.

"Ningesema, bangekucheka pale kazini. Nikawaza, itafunguka yenyewe."

Siku tatu, tangu ile Ijumaa, alikuwa amesaga nyama yake ndani ya plastiki ili mtu asimcheke Bijou. Hata maumivu, basi, yalikuwa ya Bijou. Charlène alihisi kitu kikimpanda kifuani ambacho kingepaswa kuwa aibu, na hakikuwa aibu.

Bijou akafungua kompyuta. Alitaka Papa aone kwa macho yake kwamba aliyekosa ni mtu, si kazi yenyewe. Kando ya picha kompyuta hiyo huandika kila hatua iliyofanywa, moja chini ya nyingine, na mbele ya kila hatua huandika saa. Bijou akashuka na kidole: picha, nukta, unene, mshale. Kidole kikasimama.

"Samedi, quinze heures quarante," akasoma. Yaani Jumamosi, saa kumi kasoro dakika ishirini. Akasoma tena kwa sauti ya chini. "Maman, samedi ile ya maji, tulirudi saa ngapi?"

"Saa kumi ilikuwa imepita. Mustari ilikuwa murefu."

Papa siku ile alikuwa amelala kwenye kiti. Kila mmoja alihesabu waliobaki, na hesabu haikuwa ngumu. Charlène akasema labda umeme ulikatika, kompyuta ikajibadilisha. Bijou hakumwangalia.

"Iko na batterie," akasema.

"Charlène," Papa akaita, bila kupandisha sauti. "Kuya hapa."

Akaenda. Akasema kidole kiliteleza, kama ilivyoandikwa hapo juu kwa mwandiko mzuri. Papa alingoja amalize.

"Sikuulizi juu ya kidole. Ule mushale, ulijua uliangalia wapi?"

Hapa inafaa kuandika kwamba Charlène alijibu. Nimeandika sentensi hiyo mara nne na nimeifuta mara nne, kwa sababu Bijou amekaa upande wa pili wa meza na anajua mwandiko wangu. Hakuna Charlène mwingine. Ni mimi. Na kidole hakikuteleza. Nilikipeleka mwenyewe, nikabonyeza, nikakaa nikitazama unene ukihama kutoka nje na kuingia mahali pa nyama, na nikaona kweli inakuwa nzuri zaidi. Haukuwa mzaha wa dakika tano. Bijou aliporudi na bidoni nilimpokea, nikamshika kwa mazungumzo, ili atume bila kuangalia. Na pale kwenye ua wa shule, Papa akiwa mgongoni mwa Mardochée amefumba macho, kitu cha kwanza nilichowaza hakikuwa Papa. Niliwaza: sasa wataona Bijou ni mtu wa namna gani.

"Nilijua," nikasema.

"Uliangalia wapi?"

"Ndani."

"Ndani ya nini?"

Maman alikuwa ameacha maharage. Bijou alikuwa bado ameshika kipanya. Papa alingoja kama anavyongoja mwanafunzi mbele ya ubao, bila kumsaidia, bila kumwambia akae chini.

"Ndani yako, Papa."